Urithi wa Kromosomu X: Je, Mwanamke ni Mchukuzi Tu?

Mwanafunzi wa elimuviumbe hufundishwa kwamba maradhi yarithiwayo kwa kromosomu X huwapata wanaume, na kwamba mwanamke mwenye jeni moja yenye kasoro ni mchukuzi tu, asiyedhurika. Kanuni hiyo husaidia katika mtihani, lakini haitoshi hospitalini.

Chembe za mwili wa mwanamke zina kromosomu X mbili. Za mwanamume zina X moja na Y moja. Mwaka 1961 Mary Lyon, mtaalamu wa jenetiki wa Uingereza, alichunguza mabaka ya rangi katika manyoya ya panya wa kike. Alieleza kwamba, mapema katika ukuaji wa kiinitete, kila chembe hunyamazisha moja ya X zake. Jambo hilo hutokea kwa bahati, na chembe zote zizaliwazo na chembe hiyo huufuata mpango uleule. Kwa hiyo mwili wa mwanamke ni mchanganyiko wa chembe za aina mbili.

Mfano ni upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Upungufu huu hupatikana sana katika sehemu zenye malaria, Afrika Mashariki ikiwamo. Mgonjwa aliye nao akimeza primakwini, dawa ya malaria, chembe zake huweza kupasuka: damu hupungua, macho huwa manjano na mkojo hugeuka mweusi. Mwaka 1962 Ernest Beutler na wenzake, huko Marekani, walionyesha kwamba mwanamke mwenye jeni moja ya upungufu huo ana chembe nyekundu za namna mbili: zenye kimeng'enya cha kutosha na zilizopungukiwa.

Ikiwa X isiyo na kasoro ndiyo iliyonyamazishwa katika chembe nyingi, mwanamke huyo huweza kudhurika karibu sawa na mwanamume. Tena, kipimo kinachojibu "ana" au "hana" tu huweza kumpita bila kumtambua, kwani chembe zake imara huzificha zilizo dhaifu. Hivyo hufaa kupima kiasi hasa cha kimeng'enya kabla ya kumpa dawa hiyo.

Zoezi: Baba ana upungufu wa G6PD, mama ana jeni moja ya upungufu huo. Chora mraba wa urithi. Itaonekana kwamba kila binti atarithi angalau jeni moja yenye kasoro, na kwamba uwezekano wa kurithi mbili ni nusu.