KUCHAGUA DISKI YENYE KASI KWA KOMPYUTA MPAKATO

Mwalimu wa siku hizi huweka katika kompyuta mpakato maazimio ya kazi, maandalio ya masomo na alama za wanafunzi. Kompyuta ikiwa nzito, muda wa kazi hupotea katika kungoja. Na asiyefahamu chanzo cha uzito huo aghalabu hununua kifaa kisichomfaa, kwa mshahara usioruhusu kununua mara mbili. Kwa hiyo tumeona yafaa kueleza namna ya kuchagua diski, na jinsi jambo hilo liwezavyo kufundishwa darasani.

Aina za diski

Aina ya kwanza ni diski ya kuzunguka. Ndani yake mna sahani zenye utando wa sumaku, na kichwa kinachosoma. Diski ya kwanza ya namna hii ilitolewa na IBM mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50 na ilihifadhi herufi milioni 5. Diski za kompyuta mpakato kwa kawaida huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Mizunguko 5,400 kwa dakika ni 90 kwa sekunde. Kwa wastani kichwa hungoja nusu mzunguko, yaani milisekunde 5.6. Kwa mizunguko 7,200 hungoja milisekunde 4.2. Nafuu ipo, lakini ni ndogo.

Aina ya pili ni SSD. Hii haina kitu kinachozunguka. Taarifa hukaa katika chipu, na kungoja hupungua hata kuwa sehemu ndogo tu ya milisekunde moja.

Namna ya kufundisha

Tuanze na yanayojulikana. Sahani yenye alama ya chaki izungushwe polepole, na mwanafunzi aliyeweka kidole ukingoni anyamaze mpaka alama imfikie. Kisha mwenzake achukue daftari katika rafu yenye namba. Darasa litatambua lenyewe kwa nini wa pili hakungoja.

Kabla ya kununua

Kwanza, tuchunguze mahali pa kuchomeka. Kompyuta nyingi za zamani zina SATA, ambayo haipitishi zaidi ya megabaiti 600 kwa sekunde. Diski yake ni ya inchi 2.5, na unene, mathalani milimita 7 au 9.5, sharti ulingane na nafasi iliyopo. Nyingine zina tundu la M.2. Tahadhari: si kila tundu la M.2 hupokea diski ya NVMe, ingawa umbo huweza kufanana.

Pili, tupime mahitaji. Kutoka diski ya kuzunguka hadi SSD ya SATA tofauti ni kubwa. Kutoka hapo hadi NVMe, kwa anayeandika maandalio na kujumlisha alama, ni ndogo.

Tatu, kasi si usalama. SSD huweza kufa ghafla bila mlio wa kuonya. Alama za muhula zikipotea, mwanafunzi ndiye anayedhulumiwa. Nakala ya pili iwekwe mahali pengine, na iwekwe kabla ya kubadili diski.

Zoezi

Faili lina megabaiti 6,000. Litasomwa kwa muda gani na diski ya megabaiti 120 kwa sekunde? Ya 500? Ya 3,000? (Majibu: sekunde 50, 12 na 2.) Andaa somo la dakika 40 kwa kutumia hesabu hizi.