Mtoto Ana SS: Kwa Mzazi wa Kampala

Huanza kwa mikono. Mtoto wa miezi saba aliyelala salama anaamka akilia, na ukimfunua unakuta viganja vimetuna, vidole vimejaa kama ndizi sukari. Ukivigusa anapiga yowe. Jirani atasema ameumwa na mdudu. Jjajja, bibi yake, atasema kuna mtu amemtazama kwa jicho baya. Duka la dawa la mtaani litakuuzia panadoli na dawa ya malaria. Baada ya siku kadhaa uvimbe utapungua wenyewe, na kila mmoja ataamini kwamba shauri lake ndilo lililoponya.

Uvimbe wa namna hiyo, hata ukija mara moja tu, watosha kumpeleka mtoto akapimwe damu. Mara nyingi hiyo ndiyo barua ya kwanza ya selimundu. Waganda huiita nalubiri, Wakongo wengi wa Kampala watakwambia mtoto ana SS, na hospitalini utasikia sikoseli. Ugonjwa ni ule ule. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo na laini, hujikunja mithili ya mundu zinapopungukiwa oksijeni, zikanasa kwenye mishipa midogo. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Hii ya mundu huishi kama siku 10 hadi 20. Kunasa huko ndiko kunakoleta maumivu, na kufa mapema ndiko kunakoleta upungufu wa damu na macho ya manjano.

Mtoto hazaliwi akiugua kwa sababu miezi ya kwanza bado anatumia hemoglobini aliyotoka nayo tumboni, ambayo haijikunji. Akaribiapo nusu mwaka inaanza kwisha. Ndiyo maana shida huja wakati ule ule nyumba nzima inapongojea jino la kwanza, na homa zote zinasingiziwa meno.

Kuanzia Februari 2014 hadi Machi 2015 Uganda ilifanya jambo la busara. Matone ya damu ya watoto wachanga yaliyokuwa yamekaushwa kwenye kadi ili kupima VVU yalipimwa selimundu pia, sampuli zaidi ya 97,000 kutoka kila pembe ya nchi. Watoto 13.3 katika kila mia walikuwa wamebeba urithi wa mzazi mmoja, yaani AS. Saba katika kila elfu walikuwa na ugonjwa wenyewe. Nchi haikuwa sawa pote: kusini-magharibi hali ni nafuu, kaskazini na mashariki ni nzito. Mwaka 1949 watafiti Lehmann na Raper walikuwa wamekuta takriban watu 45 katika mia miongoni mwa Baamba wa Bundibugyo wamebeba urithi huo. Sababu ni malaria. Mwenye AS hukingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali, basi palipojaa mbu urithi huu ulidumu. Kampala imekusanya watu wa pande zote hizo, pamoja na wa Kivu na Kasai za Kongo, kwa hiyo usimwamini anayekwambia "kwenu hakuna ugonjwa huo".

Kipimo chenyewe kina mtego. Maabara nyingi ndogo hufanya kile cha haraka kinachoonyesha kama chembe zinajikunja. Jibu likiwa "positive", wazazi hulia na kumbe mtoto huenda ni AS, mzima kabisa. Tena kwa kichanga wa wiki chache kipimo hicho huweza kusema hakuna kitu na ugonjwa upo. Dai kipimo kinachotofautisha AA (asiye na urithi huu), AS na SS, kama elektroforesisi au kile kidogo cha tone la kidole kinachotoa jibu kwa dakika chache. Usiondoke bila herufi mbili zilizoandikwa kwenye karatasi. Piga picha karatasi hiyo, maana karatasi Kampala hunyeshewa, hulowa chai, hubaki kwenye boda boda.

Na kabla hujafika nyumbani, jua la kuwaambia. SS haitoki kwa mama peke yake. Haiwezekani. Mtoto amepokea S moja kwa baba na S nyingine kwa mama, na wote wawili kwa kawaida ni AS wasiojijua. Nimesikia mara nyingi mno mwanamume akisema "kwetu hakuna", kisha akahama nyumba, mama akabaki na mtoto na bili. Wazazi wakiwa AS wote wawili, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta SS. Kila mimba ni kura mpya. Kuzaa mgonjwa mmoja hakuwanunulii watatu wazima. Wachumba wakapime kabla ya kupeleka barua ya posa, si baada ya kwanjula, yaani sherehe ya utambulisho, ng'ombe wakiwa wameshaliwa.

Ukishajua, kazi kubwa ni ya kila siku na haina mbwembwe. Bandama ya mtoto wa SS huharibika mapema, na bandama ndiyo mlinzi dhidi ya vijidudu vya nimonia na vya sumu ya damu. Basi anywe penisilini mara mbili kwa siku, tangu miezi miwili au mitatu hadi afikishe miaka 5. Apate chanjo zote kwa wakati, hasa ile ya nimokoka, ambayo Uganda iliingiza katika ratiba ya kawaida mwaka 2013 na hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Anywe foliki kila siku, alale ndani ya chandarua, apewe dawa ya kuzuia malaria kama kliniki itakavyopanga. Hizi zote ni dawa za bei ndogo, na hizo ndizo zinazomvusha mtoto miaka mitano ya kwanza, ambayo bila matunzo huwamaliza wengi.

Jihadhari na chupa iliyoandikwa "inaongeza damu". Nyingi zina madini ya chuma, na mtoto wa SS hapungukiwi chuma kwa kawaida. Chembe zake zinakufa upesi, basi. Asipewe chuma ila kipimo kiseme amepungukiwa.

Kisha kuna haidroksiyurea, kidonge cha kila siku kinachoirudisha kwa kiasi ile hemoglobini ya kichanga. Marekani iliikubali kwa watu wazima mwaka 1998. Huku kwetu ilicheleweshwa pia na hofu kwamba ingewazidishia watoto malaria, na hofu hiyo ikaja kujibiwa katika hospitali ya Mulago: watoto wapatao 200 walifuatiliwa kwa mwaka mmoja, na matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha kuwa malaria haikuongezeka kwa waliomeza dawa, na maumivu na kulazwa vilipungua. Kwa hiyo muulize daktari waziwazi: "Mtoto wangu anafaa kuanza haidroksiyurea?" Dawa hii inahitaji kipimo cha damu mara kwa mara, na anayetarajia kushika mimba azungumze na daktari kwanza. Tiba ya kurekebisha jeni, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, ilitangazwa kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Naitaja ili mtu asikuuzie ndoto kwenye simu.

Pa kwenda ni wapi? Anza na kituo cha afya cha serikali kilicho karibu, cha daraja la III au la IV kama Kisenyi, uombe barua ya rufaa. Mulago ina kliniki yake ya selimundu iliyozoea wagonjwa hawa kwa miongo mingi. Malipo katika vituo vya serikali yaliondolewa mwaka 2001, isipokuwa upande wa kulipia ndani ya hospitali. Uliza uko mlango gani kabla ya kukaa foleni. Mkimbizi ana haki ya huduma hiyo hiyo kama raia. Kama Luganda na Kiingereza vinakupiga chenga, nenda na mtu mzima wa kukutafsiria, usimtumie mtoto wa shule kumtafsiria mama yake habari za damu na uzazi. Simu ya bure ya wakimbizi, 0800 323 232, hupokea malalamiko na kuelekeza.

Lakini bure haina maana kwamba hulipi. Dawa huisha stoo, ukaandikiwa karatasi ukanunue nje. Nauli ni yako, siku ya kibarua inapotea, na kipimo ambacho mashine yake imekufa utakifanyia mtaani. Mama wa Bwaise na mama wa Kololo wana mtoto mwenye ugonjwa mmoja. Wa Kololo ana friji, gari na daktari anayepokea simu, wa Bwaise huvuka mfereji uliofurika usiku huku amembeba mtoto mgongoni. Usione haya kuwaambia kliniki ukweli wa mfuko wako. Wakijua huwezi kurudi baada ya wiki mbili, wanaweza kukupa dawa za muda mrefu zaidi.

Usingoje asubuhi kwa haya: joto la nyuzi 38 au zaidi, kupumua kwa shida au maumivu ya kifua, weupe wa ghafla wa viganja na midomo, tumbo lililovimba upande wa kushoto, mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea, maneno kukwama. Hayo ya mwisho ni kiharusi, na ndiyo, mtoto wa miaka minne hupata kiharusi. Kuhusu tumbo, mwombe nesi akufundishe kwa mkono wako mwenyewe kupapasa bandama chini ya mbavu za kushoto wakati mtoto yuko mzima. Ukiijua ilivyo siku ya heri, utaijua ilipotuna siku ya shari, na damu inayojikusanya humo huweza kuua kwa saa chache. La wavulana huwa halisemwi: uume ukisimama kwa maumivu bila kushuka, anywe maji, akojoe, aoge maji ya uvuguvugu; zikipita saa mbili bila kushuka, hospitali. Mwambie mwanao mapema, kabla hajafika umri wa kuona haya.

Maumivu yakiwa madogo, maji mengi, joto na panadoli husaidia. Yakizidi, asiachwe alie kwa sababu eti "amezoea". Uganda ina mofini ya maji ya kunywa, inayotolewa bila malipo kwa wagonjwa. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, ndiyo iliyoieneza kutoka kilima cha Makindye. Bado kuna wahudumu wanaomwona kijana wa SS anayeomba mofini kama mteja wa unga. Mzazi akisimama pale kitandani na kusema kwa upole, "Musawo, kadi yake inaonyesha alipewa kiasi gani mara ya mwisho", mazungumzo hubadilika.

Sasa simu. Facebook ilifungwa nchini Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, kwa hiyo wazazi utawakuta zaidi WhatsApp. Bando si bure: kuanzia Julai 2018 kulikuwa na kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii, na mwaka 2021 ikabadilishwa kuwa asilimia 12 juu ya data. Hata hivyo grupu zuri linalipa gharama yake. Humo ndimo utakapojua duka gani lina haidroksiyurea leo, na humo saa tisa usiku atapatikana mwenzako aliye macho kwa sababu wake naye hajalala. Grupu lina thamani kubwa hasa wakati wa likizo. Wachangiaji damu wengi wa nchi hii ni wanafunzi. Shule zikifungwa, benki ya damu ya Nakasero hupungukiwa, na wazazi hupigiana simu kutafuta ndugu wa kwenda kuchangia. Damu hiyo haiuzwi. Anayekutaka pesa ya chupa anakuibia.

Lakini usitume picha ya mtoto, jina lake na shule yake mahali penye watu 200 usiowajua. Miaka kumi baadaye atakuwa anatafuta kazi na mchumba. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 ipo, ila picha iliyosambaa haikusanyiki tena. Usibadilishe kipimo cha dawa kwa ujumbe wa sauti. Na anayekujia faragha na mitishamba ya "kusafisha SS iwe AA", mfute. Herufi hizo amezaliwa nazo.

Limebaki la shule, ambalo Kampala hulisahau kwa sababu bweni kwetu ni jambo la fahari. Figo za mtoto wa SS hazishiki maji vizuri: hunywa sana, hukojoa sana, na wengi hukojoa kitandani hata wakiwa wakubwa. Bweni humcheka, mlezi humchapa, mtoto anaacha kunywa maji jioni ili asilowanishe godoro. Asubuhi ana maumivu ya mwili mzima, na shule inasema amejifanya mgonjwa kukwepa mtihani.

Andika barua fupi, uipeleke mwenyewe kwa mwalimu wa darasa, kwa nesi na kwa mlezi wa bweni. Iseme hivi: awe na chupa ya maji mezani saa zote. Asiombe ruhusa kwenda msalani. Asimwagiwe maji baridi alfajiri wala kukimbizwa uwanjani kwenye mvua kama adhabu. Kucheza acheze, akichoka apumzike. Akipata homa mnipigie siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Chini weka namba mbili za simu, jina la kliniki yake na zile herufi mbili. Ndani ya sanduku lake tia sweta la pili na mpira wa kufunika godoro.