Rupia ya Mjerumani: Ipime Kabla ya Kuilipia

Ukiletewa rupia ya fedha ya Mjerumani hapa Kigwa, mkoani Tabora, acha habari za bei kwanza. Mtafute sonara mjini Tabora akupimie. Rupia moja ina gramu 11.66, nusu 5.83, na kipenyo cha rupia nzima ni kama milimita 30. Iliyopita mikononi mwa watu wengi huwa imepungua kidogo tu. Ikikosa gramu nzima, irudishe. Pitisha na sumaku: fedha hainasi. Lakini shaba nayo hainasi, kwa hiyo sumaku isikutoshe.

Sasa isome. Mbele yuko Kaisari Wilhelm wa Pili, kofia yake ina tai juu. Nyuma ndiko kwenye habari. Ukiona simba na mtende, hiyo ni ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ya kati ya 1890 na 1902. Zile za serikali, za 1904 hadi 1914, zimeandikwa Deutsch Ostafrika na zina herufi ndogo: A ni Berlin, J ni Hamburg. Rupia ya mwaka 1903 ikatae papo hapo; haikupigwa.

Herufi T ni ya Tabora. Mwaka 1916 Waingereza walikuwa wameziba bahari, sarafu zikaadimika, zikapigwa mjini Tabora kwa mitambo ya karakana ya reli: sarafu za hela (heller) 20 na za hela 5, pamoja na rupia 15 ya dhahabu yenye tembo. Hela hizo si fedha, ni shaba tu, nyekundu au ya manjano, lakini mkusanyaji wa Kigwa angeanza na hizo. Ya dhahabu ina bandia nyingi. Usiinunue bila mtaalamu.

Usiisugue rupia ya fedha kamwe, iwe kwa majivu, ndimu au dawa ya meno. Weusi ulio juu yake ni umri wake, na wanunuzi makini huukagua kwanza. Ukiung'oa, thamani imeondoka nao. Ihifadhi kwenye bahasha ya karatasi, mahali pakavu, si kwenye nailoni laini.

Anayedai rupia yake inavuta mchele au ina nguvu za ajabu ni tapeli, mwache aende. Wala usichimbue magofu na kambi za kale kutafuta: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka kibali.

Na kila unayoipata, andika kwenye bahasha yake imetoka kijiji gani, kwa nani, lini. Anza na zile ulizo nazo tayari, wakati wazee waliozitunza wangali hai wa kuulizwa.