SOMO KWA VYAMA VYA WAVUVI: KUCHAGUA BOTI YA FAIBA ILIYOKWISHA TUMIKA

Madhumuni ya somo

Somo hili limekusudiwa makatibu, wajumbe wa Bodi na wanachama wa vyama vya msingi vya wavuvi. Chama kinachokusudia kununua boti ya faiba iliyokwisha tumika kitajifunza hapa mambo matatu: namna ya kuikagua boti kabla ya kutoa fedha, namna ya kupambanua kasoro ndogo na ugonjwa usiotibika, na namna ya kukisia gharama halisi ya boti ambayo bei yake yaonekana kuwa nafuu.

Jambo hili si dogo. Fedha inayonunua boti ni hisa na akiba za wanachama, iliyokusanywa kidogo kidogo kutokana na jasho la usiku mwingi. Aidha, wale watakaopanda boti hiyo ni wanachama hao hao. Boti mbovu hupoteza mali kwanza, na baadaye yaweza kupoteza watu.

1. Faiba ni kitu gani?

Boti ya faiba hutengenezwa kwa matabaka ya nyuzi laini za kioo zilizoloweshwa katika gundi iitwayo resini. Gundi hiyo ikikauka, nyuzi na resini huwa kitu kimoja kigumu na chepesi. Kwa nje hupakwa tabaka jembamba, laini, lenye rangi, ambalo kazi yake ni kuzuia maji yasipenye ndani. Ufundi wa namna hii hutumika pia kutengeneza matangi ya maji na mbao za kuteleza juu ya mawimbi.

Faiba yenyewe haiozi, wala wadudu watobozi wa baharini hawaili kama walavyo mbao. Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kwamba boti ya faiba haizeeki. Dhana hiyo si sahihi. Katika boti nyingi, ndani ya ubao wa tezi unaobeba injini mna mbao zilizofunikwa kwa faiba. Chini ya sakafu aghalabu hujazwa povu gumu la kuisaidia boti kuelea. Maji yakipata njia, mbao hizo huoza na povu hulowa, hali kwa nje boti yang'aa. Ugonjwa mkubwa wa boti ya faiba, basi, ni maji yaliyojificha ndani. Ukaguzi wote unaoelezwa hapa unayatafuta maji hayo na njia yalimopitia.

2. Kutazama

Boti ikaguliwe ikiwa nchi kavu, tupu, imeoshwa na kukauka. Wakati mzuri ni asubuhi au alasiri, jua likiwa limeinama, kwa kuwa mwanga wa ubavuni huonyesha mabonde na vivimbe ambavyo jua la utosini huvificha. Mkaguzi asimame nyuma ya tezi atazame kuelekea omo, kisha asimame omo atazame tezi. Mkuku uliopinda au ubavu uliobonyea ni dalili ya pigo kubwa au ya kuegeshwa vibaya kwa muda mrefu.

Baada ya hapo zitazamwe nyufa. Nyufa nyembamba kama uzi zilizo katika tabaka la rangi peke yake si jambo la kutisha. Lakini nyufa zilizotawanyika kama utando wa buibui kutoka mahali pamoja zaonyesha kwamba mahali hapo palipigwa au panalemewa. Mkaguzi apitishe ukucha juu yake. Ukucha ukinasa, atazame upande wa ndani wa mahali hapo hapo. Akiona ndani weupe au nyuzi zilizochanika, ufa huo umepenya. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Chini ya mstari wa maji yatafutwe malengelenge. Lengelenge likitobolewa likatoa maji ya kunata yenye harufu kali kama ya siki, basi maji yamekwisha ingia katika matabaka. Katibu asisahau kuuliza boti imekaa nchi kavu kwa muda gani, maana malengelenge huweza kunywea boti ikikaa majuma mengi bila kuguswa na maji.

Mkuku nao utazamwe kwa urefu wake wote. Boti inayoburutwa kila siku juu ya mchanga na mawe hulika mkukuni hadi nyuzi za kioo kuonekana. Nyuzi zilizo wazi hunyonya maji.

Rangi mpya isiwafurahishe wanunuzi upesi. Boti iliyopakwa rangi juma lililopita yaweza kuwa imetunzwa vizuri, na yaweza kuwa imefichwa. Muuzaji aombwe kueleza ni kwa nini ilipakwa, na kilichokuwa chini ya rangi hiyo ni nini.

3. Kugonga na kukanyaga

Sikio huona pale jicho lisipoona. Mkaguzi achukue sarafu nzito au mpini wa bisibisi, agonge boti polepole, shubiri kwa shubiri. Mahali pazima hutoa mlio mkali na wa wazi. Mahali ambapo matabaka yameachana, au mbao za ndani zimeoza, hutoa mlio mzito uliokufa. Kila mahali pa namna hiyo pazungushiwe alama ya chaki.

Hata hivyo, mlio hubadilika pia palipo na taruma au povu kwa ndani, bila ya kuwapo kasoro yoyote. Njia ya kuondoa shaka ni kulinganisha pande mbili. Mahali pa upande wa kulia palinganishwe na mahali kama hapo upande wa kushoto. Milio ikilingana, hapana la kutia wasiwasi. Ikitofautiana, pachunguzwe zaidi.

Kisha mkaguzi apande ndani na kukanyaga sakafu yote. Sakafu inayobonyea mguuni kama godoro imeoza chini yake.

Ubao wa tezi upewe uangalifu wa pekee. Injini ikiwa imefungwa mahali pake, mtu mmoja ashike mguu wa injini na kuutikisa juu na chini, na mwingine atazame ubao. Ubao mzima hausogei. Ukicheza, au maji ya rangi ya kahawia yakivuja penye bolti, mbao za ndani zimeharibika. Kwa ruhusa ya mwenye boti, skrubu moja ya upande wa ndani ifunguliwe: vumbi kavu la mbao ni habari njema, na unga mweusi uliolowa ni habari mbaya.

4. Uzito na maji

Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa zaidi ya kilo moja. Povu lililonyonya lita 100 limeongeza mzigo wa zaidi ya mifuko miwili ya saruji ya kilo 50, nao haushuki ufukweni bali husafiri kila safari na kula mafuta ya chama. Boti ikiwa majini, patazamwe mahali inapoelea. Mstari wa mwani na uchafu ukiwa juu sana ya mstari wa rangi uliowekwa na fundi, boti imekuwa nzito. Mwenye boti akiridhia, tundu dogo litobolewe sakafuni ili kipande cha povu kitolewe na kuminywa, kisha tundu lizibwe vema.

Mwisho, boti ipelekwe baharini kwa muda wa saa moja, ikiwa na watu na mzigo wa kadiri. Ikirudi, maji yaliyoingia yapimwe kwa ndoo. Maneno ya muuzaji hayawezi kushika nafasi ya safari hii.

Injini ikaguliwe na fundi wake na kukisiwa bei yake mbali. Injini nzuri iliyofungwa juu ya boti mbovu imewahadaa wanunuzi wengi. Iwashwe ikiwa baridi, maji ya kupozea yatoke kwa nguvu, na oili ya gia isiwe nyeupe kama maziwa, maana weupe huo ni maji yaliyoingia.

5. Kupambanua kasoro

Kasoro zilizoandikwa zigawanywe katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni mikwaruzo, rangi iliyopauka na nyufa za juu juu. Hizo ni sababu ya kupunguziwa bei. Fungu la pili ni tundu, kiraka kibaya au mkuku uliolika. Hayo hutengenezeka, lakini gharama ikisiwe na fundi asiyehusiana na muuzaji. Fungu la tatu ni matabaka yaliyoachana mahali pengi, mkuku uliopinda, au tezi lililooza pamoja na povu lililolowa. Boti ya fungu hili iachwe, hata ikitolewa kwa bei ya bure.

6. Hesabu ya urahisi

Mfano ufuatao ni wa kujifunzia tu. Boti A inauzwa Shs. 6,000,000/-, nayo ina tezi bovu. Boti B ni nzima na inauzwa Shs. 8,500,000/-. Matengenezo ya boti A yanakisiwa kuwa Shs. 2,200,000/- na yatachukua majuma 6. Chama huvua siku 5 kwa juma na kupata ziada ya Shs. 60,000/- kwa siku.

Bei ya boti A: Shs. 6,000,000/-
Matengenezo: Shs. 2,200,000/-
Ziada iliyokosekana, siku 30: Shs. 1,800,000/-
Jumla: Shs. 10,000,000/-

Ikiwa boti A itafanya kazi miaka 4, kila mwaka umegharimu Shs. 2,500,000/-. Ikiwa boti B itafanya kazi miaka 5, kila mwaka umegharimu Shs. 1,700,000/-. Boti iliyoitwa rahisi ndiyo iliyo ghali.

7. Wajibu wa Bodi na wanachama

Ukaguzi usifanywe na mtu mmoja. Wateuliwe watu watatu: mvuvi mzoefu, fundi wa faiba asiye na uhusiano na muuzaji, na mjumbe mmoja wa Bodi. Taarifa yao iandikwe, itiwe sahihi, na kusomwa mbele ya wanachama kabla ya fedha kutoka. Yeyote atakayepokea ahadi ya bakshishi kutoka kwa muuzaji hafai kuwa mkaguzi.

Hati za umiliki zilinganishwe na namba za boti na za injini. Chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, chombo cha uvuvi hapana budi kiandikishwe na kiwe na leseni. Chama kikinunua kwa mkopo, mkopo huo usivuke ukomo wa madeni uliopitishwa na Mkutano Mkuu na kuidhinishwa na Mrajis, kwa mujibu wa Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013. Malipo yapitie benki, na stakabadhi ihifadhiwe.

Kununua bila kukagua ni kununua mbuzi aliyefungwa guniani. Mtu binafsi akifanya hivyo hupoteza chake. Viongozi wa chama wakifanya hivyo hupoteza cha wenzao, na kuwapeleka baharini ndani ya kosa hilo.

Maswali ya kujadiliwa

1. Kwa nini mlio wa upande mmoja wa boti ulinganishwe na wa upande wa pili?
2. Muuzaji anakataa boti isipelekwe baharini kujaribiwa. Chama kifanye nini?
3. Katika mfano wa boti A na B, ni bei gani ambayo chama kingeweza kulipa kwa boti A bila hasara, ikiwa boti hiyo itadumu miaka 4?
4. Ni nani katika chama chenu wanaofaa kuwa wakaguzi watatu, na kwa sababu gani?