Kufundisha Umbali na Muda wa Safari ya Ndege

Hesabu za mwendokasi hufundishwa kwa kanuni fupi: umbali gawanya kwa muda. Mwanafunzi huikariri upesi, lakini kuikariri si kuielewa. Ili kumpima, tunapendekeza safari ya Nairobi hadi New York, ambayo Kenya Airways ilianza kuifanya bila kutua njiani mnamo Oktoba 2018.

Hatua ya kwanza: umbali. Mwalimu awe na tufe la dunia, uzi na rula. Mzingo wa dunia ni kilomita 40,000 hivi. Katika tufe lenye kipenyo cha sentimita 30, mzingo ni sentimita 94. Kwa hiyo sentimita 1 huwakilisha kilomita 425 hivi. Wanafunzi wanyooshe uzi baina ya miji hiyo miwili. Watapata sentimita 28, yaani kilomita 11,900. Umbali halisi ni karibu kilomita 11,850. Kisha wautazame uzi: unakata Sahara kuelekea kaskazini-magharibi kabla ya kufika Atlantiki. Wakichora njia hiyo katika ramani bapa, itapinda. Hapo watatambua kwamba rula juu ya ramani bapa haionyeshi njia fupi.

Hatua ya pili: muda. Tuseme ndege yaondoka Nairobi saa 5 usiku, mwezi wa Januari, na kufika New York saa 12 asubuhi ya huko. Wengi watajibu kwamba safari ilichukua saa 7. Mwalimu asiwakatize, awaambie watafute mwendokasi. Watapata kilomita 1,690 kwa saa, mwendo unaopita ule wa sauti, ilhali ndege za abiria huruka kwa kilomita 900 hivi kwa saa. Jibu lenyewe limejikanusha.

Kiini cha kosa ni kwamba neno "saa" katika lugha yetu lina maana ya wakati na pia ya muda. Dunia huzunguka digrii 15 kila saa, na miji hii imeachana kwa digrii 110 hivi za longitudo. Katika Januari New York iko nyuma kwa saa 8. Basi 7 na 8 ni 15, na mwendokasi wa wastani ni kilomita 790 kwa saa.

Hatua ya tatu: zoezi. Ndege yaondoka New York saa 6 mchana, yasafiri kwa muda wa saa 14. Itafika Nairobi lini? (Jibu: saa 4 asubuhi ya kesho yake.) Wanafunzi waulizwe pia sababu ya kurudi upesi zaidi. Ni pepo za juu zivumazo kutoka magharibi, ambazo huisukuma ndege iendayo mashariki.

Mwanafunzi aliyezoea kulihoji jibu lake kabla ya kulikabidhi amejifunza zaidi ya kanuni.