Fremu Kubwa, Vidole Salama

Leo tunaingia karakana.

Nilipokuwa Kidato cha Tatu, mimi na mwenzangu tulipewa kazi ya kutengeneza fremu ya picha ya ukumbini: sentimeta 120 kwa 90. Benchi letu lilikuwa dogo. Yeye akashika pembe kwa mkono, mimi nikagonga msumari. Upande wa pili ulikuwa unaning'inia hewani, fremu ikapinduka, na ncha ya msumari iliyokwisha kutokeza ikamchoma kiganjani. Tuliogopa kumwambia mwalimu, tukafunga kitambaa tu. Siku ya tatu mkono ukavimba. Bahati nzuri akatibiwa akapona, lakini si mchezo!

Kwa nini ilipinduka?

Kumbuka somo la nyenzo katika Fizikia. Mbao ndefu isiyoegemezwa ni nyenzo: uzito wake mdogo kule mwishoni unavuta kwa nguvu kubwa kwenye kiungo. Pembe inafunguka hata kama umeikata vizuri kwa nyuzi 45. Mkono wa rafiki hauwezi kuwa egemeo, kwani mkono unachoka!

Fanya hivi

1. Unganisheni meza mbili zenye kimo sawa. Usifanye kazi umeinama sakafuni, mgongo utakudai.
2. Kata vipande vinane vya mbao vyenye unene sawa. Weka kimoja chini ya kila pembe na kimoja katikati ya kila upande. Fremu yote sasa imelala sawasawa. Tandika nailoni chini ya pembe ili gundi isishike.
3. Panga fremu kwanza bila gundi. Ukiona mwanya, rekebisha sasa.
4. Paka gundi ya mbao pande zote mbili za kiungo. Zungushia fremu kamba, weka vipande vya kadibodi kwenye pembe, kisha pitisha kijiti ndani ya kamba ukisokote mpaka ikaze. Kamba ndiyo inayobana, mikono yenu iko huru.
5. Pima ulalo wote wawili. Kwa kanuni ya Pythagoras, fremu ya 120 kwa 90 iwe na ulalo wa sentimeta 150. Ukizidi mmoja, sukuma taratibu pembe zake mbili kuelekea ndani mpaka zote zilingane.
6. Subiri gundi ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Ukitaka kuongeza misumari, toboa kwanza kwa keekee, na fremu ibaki juu ya vipande vyake.
7. Kuinua ni kazi ya watu wawili, kila mmoja upande wake. Usiishike pembe moja!

Ukichomwa je?

Usifiche, rafiki. Vijidudu vya pepopunda huishi kwenye udongo na vumbi, na kidonda chembamba kilichozama ndani huwafaa sana. Osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, mwambie mwalimu, kisha nenda zahanati siku hiyohiyo. Mhudumu ataangalia kama unahitaji chanjo. Taya zikianza kukaza, hiyo ni dharura: wahi hospitali mara moja.

Na nyinyi mnaosimamia karakana: mwanafunzi akiogopa kuchapwa, ataficha kidonda. Msikilizeni kwanza, maswali yafuate baadaye.

Jipime

1. Fremu yako ni sentimeta 80 kwa 60. Ulalo wake uwe sentimeta ngapi?
2. Kwa nini vipande vya kuegemeza viwe na unene sawa?
3. Rafiki yako amechomwa na msumari, anasema "ni kidogo tu". Utamwambia nini?

Jadilini darasani. Jibu la swali la kwanza ni 100. La tatu unalijua mwenyewe, usiliache kwenye daftari!