Anaona Mbele, Haoni Pembeni

Mzee anasoma gazeti vizuri, kisha anainuka na kujikwaa kwenye kigoda kilicho karibu na miguu yake. Nyumbani wanaanza kunong'ona: kalewa, au anajifanya haoni ili ahudumiwe. Hajifanyi. Uoni wake wa katikati bado upo, lakini wa pembeni na wa chini umekwenda.

Kwa watu wazima, chanzo kikubwa ni glakoma, ambayo wengi tunaiita presha ya macho. Mara nyingi presha ndani ya jicho hupanda na kuharibu mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Kwa kawaida haiumi, na kilichoharibika hakirudi. Yapo pia maradhi ya kurithi ya retina, utando wa nyuma ya jicho, ambayo mara nyingi huanza kwa kutoona vizuri usiku. Mwenye macho mazima huona upana wa karibu digrii 180. Shirika la Afya Duniani humhesabu kuwa kipofu mtu ambaye uoni wake hauvuki digrii 10 kutoka katikati, hata kama anasoma herufi ndogo.

Mkitaka kumwelewa, viringisheni karatasi mbili ziwe mirija yenye tundu la sentimita 4 hivi. Iweke machoni, kisha tafuta kikombe mezani na umimine maji, ya baridi. Ukiona kikombe, jagi linapotea. Ukiliona jagi, mkono wako haupo. Mwenzenu huishi hivyo kutwa nzima, ndiyo maana anachoka mapema.

Salamu

Kinachomuumiza kuliko kujikwaa ni salamu. Jirani ananyoosha mkono, yeye hauoni, anapita zake. Kesho mtaa unasema ana kiburi. Akisikia hayo mara mbili tatu, anaacha kwenda msibani, harusini, hata msikitini au kanisani, na upweke huo humletea sonona. Mwenye macho aanze kwa sauti na ajitaje: "Shikamoo babu, ni mimi Asha, niko kulia kwako." Ndipo ampe mkono. Akiridhia, waelezeni majirani hali yake.

Nyumba na njia

Ndoo, viatu na jiko la mkaa visiachwe njiani. Mlango uwe wazi kabisa au ufungwe kabisa, kwa maana ulioachwa nusu humpasua uso. Kamba ya kuanikia nguo ipandishwe juu ya kichwa. Kingo za ngazi zipakwe rangi inayong'aa. Anapotoka juani kuingia ndani, asimame kidogo macho yazoee. Na kitu kikihamishwa, aambiwe.

Yeye naye ajifunze kupekua kwa macho: kushoto hadi kulia, juu hadi chini, kwa utaratibu uleule kila mara. Miwani ya kukuza maandishi si lazima imsaidie. Herufi zikiwa kubwa mno hutoka nje ya tundu analoonea. Mwanga mzuri na maandishi meusi kwenye karatasi nyeupe humfaa zaidi.

Asiendeshe gari wala pikipiki. Barabarani, hawezi kabisa kuiona bodaboda inayotokea ubavuni, kwa hiyo fimbo nyeupe ni haki yake hata kama anasoma. Ukimwongoza, mwache akushike juu ya kiwiko na umtangulie nusu hatua, usimsukume. Lakini msimnyang'anye kazi. Anayeweza kupika, kuhesabu fedha za duka au kufundisha aendelee, maana kukalishwa kitini kama mgeni nyumbani kwake ni adhabu.

Matone

Mwenye glakoma asiache matone kwa kuwa "hayaleti nafuu". Kazi ya matone ni kulinda uoni uliobaki. Akishatia tone, afumbe jicho na kubonyeza kona ya ndani karibu na pua kwa dakika mbili. Kama ana dawa ya pili, asubiri dakika tano. Mwenye pumu amwambie daktari kabla ya kupewa matone ya timolol, kwa sababu inaweza kumbana kifua. Matone ya steroidi yanayonunuliwa dukani bila cheti huweza kupandisha presha ya jicho, na dawa za kienyeji zisitiwe machoni.

Glakoma hufuata damu. Kaka, dada na watoto wa mgonjwa wenye miaka 40 na zaidi waende kliniki ya macho hata kama wanaona vizuri. Kusoma herufi ukutani hakutoshi: ombeni mpimwe presha ya jicho na kuangaliwa mshipa wa fahamu.